Sheria Inaposomwa Upya, na Mfungwa Yumo Ndani

Kijana mmoja kutoka Falme za Kiarabu alikwenda Marekani kwa viza ya masomo. Masomo yakamshinda, chuo kikamwandikia kumjulisha kwamba hadhi yake ya kukaa nchini humo itakoma, naye hakuondoka. Baadaye alikwenda mahali pa kulipia ambapo watu hujifunza kulenga shabaha, akafyatua bunduki, akashitakiwa. Sheria ya serikali kuu ya Marekani inamkataza mtu anayekaa nchini bila kibali kuwa na silaha ya moto, kama inavyomkataza aliyewahi kutiwa hatiani kwa kosa kubwa. Jaji aliliambia jopo la raia waliosikiliza kesi kwamba si lazima ithibitike kuwa kijana alijua kwamba kibali chake kimekwisha. Akafungwa miezi 18.

Tarehe 21 Juni 2019, Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa majaji saba dhidi ya wawili, ilisema jaji yule alikosea. Sheria inamwadhibu anayetenda kwa kujua. Basi mwendesha mashitaka hana budi kuthibitisha mambo mawili: kwamba mshitakiwa alijua ana silaha, na kwamba alijua yumo katika kundi la waliokatazwa. Kesi hiyo inaitwa Rehaif, kwa jina la kijana mwenyewe. Tunaieleza hapa kwa sababu ya swali ililoliacha nyuma yake: wale waliokwisha kufungwa kwa usomaji wa zamani wa sheria, mlango wao uko wapi?

Jibu lilitoka miaka minne na siku moja baadaye, tarehe 22 Juni 2023, katika kesi ya Jones dhidi ya Hendrix. Jones alitiwa hatiani mwaka 2000 huko Missouri kwa makosa ya silaha, akapewa miezi 327, yaani miaka 27 na miezi mitatu. Utetezi wake ulikuwa kwamba aliamini rekodi ya kosa lake la zamani imekwisha kufutwa. Wakati ule utetezi huo haukuwa na uzito, kwa kuwa mahakama za rufaa zilishikilia kwamba kujua hadhi yako si sehemu ya kosa. Aliwasilisha ombi lake la kwanza la kupinga hukumu kwa wakati, akafutiwa mojawapo ya makosa yaliyorudiwa. Miaka ikapita, ikaja Rehaif. Akataka kusikilizwa tena, Mahakama ya Juu ikakataa kwa majaji sita dhidi ya watatu.

Ili kuelewa sababu, turudi nyuma kidogo. Zamani mfungwa wa serikali kuu aliyedai kufungwa kinyume cha sheria aliiomba mahakama ya pale alipofungwa imwite mkuu wa gereza aeleze ni kwa haki gani anamshikilia. Mahakama chache zilizo karibu na magereza makubwa zikazidiwa na maombi. Mwaka 1948 Bunge la Marekani likatunga kifungu cha 2255, kinachompeleka mfungwa kwenye mahakama ileile iliyomhukumu, na kumwachia njia ya zamani pale tu njia mpya isipofaa au isipotosha. Kisha, baada ya mlipuko wa bomu wa Oklahoma City wa mwaka 1995, ikaja sheria iliyotiwa saini na Rais Bill Clinton Aprili 1996. Hiyo iliweka muda wa mwaka mmoja wa kuleta ombi, na ikafunga ombi la pili isipokuwa kwa mambo mawili: ushahidi mpya mzito unaoonyesha kuwa mtu hakutenda kosa, au kanuni mpya ya Katiba ambayo Mahakama ya Juu imeifanya irudi nyuma.

Hapo ndipo Jones alipokwama. Rehaif haikuzungumzia Katiba. Ilieleza maana ya maneno ya sheria ya kawaida. Jaji Clarence Thomas, aliyeandika hukumu ya walio wengi, alisema Bunge liliamua kwa makusudi kwamba mambo ni hayo mawili tu, na kwamba njia ya zamani haiwezi kugeuzwa kuwa mlango wa nyuma. Majaji Sonia Sotomayor na Elena Kagan walipinga kwa pamoja, na Jaji Ketanji Brown Jackson akaandika peke yake kwa urefu.

Sisi tunaona jambo hili ni zito. Mahakama ya Marekani inapofasiri sheria hudai kwamba inasema maana iliyokuwamo tangu siku ilipotungwa. Kwa hiyo mtu ambaye kweli hakujua hakuwa ametenda jinai hiyo hata siku moja; walichokosea ni wasomaji wa sheria. Na mwaka 1974, katika kesi ya Davis, Mahakama hiyohiyo ilikiri kwamba kumfunga mtu kwa tendo ambalo sheria haikulifanya kosa ni dhuluma iliyokamilika.

Wanachuoni wetu walikutana na tatizo linalofanana. Katika mirathi ya mushtaraka, Sayyidna Umar (r.a.) aliwanyima ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, kisha kesi kama hiyo ilipomjia tena akawashirikisha na ndugu wa upande wa mama katika thuluthi. Alipoulizwa, alijibu kwa maana kwamba ile ilikuwa hukumu ya siku ile na hii ni ya leo. Hakuivunja ya kwanza. Hapo mafakihi wakapata kanuni kwamba ijtihadi haivunjwi na ijtihadi, kwani bila ya hivyo hapana kesi itakayokwisha. Lakini ni Umar huyohuyo ambaye, katika barua yake mashuhuri kwa Abu Musa al-Ash'ari, alimwagiza kwamba hukumu ya jana isimzuie kurejea kwenye haki. Na mafakihi wakaongeza kwamba hukumu iliyokwenda kinyume na nassi huvunjwa, haingojei. Tena kisa cha mirathi kilihusu mali. Anayekaa gerezani anatoa umri wake, na umri haugawanywi upya.

Lipo pia linalogusa familia zetu zilizohamia Marekani. Mwaka 2010, katika kesi ya Padilla, Mahakama ya Juu iliamua kwamba wakili ana wajibu wa kumwambia mteja asiye raia kwamba kukiri kosa kunaweza kumfukuzisha nchini. Mwaka 2013, katika kesi ya Chaidez, ikaamua kwamba wajibu huo haurudi nyuma. Mama aliyekiri kosa mwaka 2004, mkaazi halali tangu mwaka 1977, hakupata msaada.

Kwa mzazi ambaye mwanawe yuko katika gereza la serikali kuu huko, la kuzingatia zaidi ni ombi la kwanza. Hilo ndilo lenye mlango mpana: ndani yake mabadiliko ya tafsiri ya sheria yanaweza kudaiwa, nalo kwa kawaida ni moja tu. Mfungwa hana haki ya kikatiba ya kupewa wakili katika hatua hiyo, kwa hiyo wengi huliandika wenyewe kwa haraka na kulipoteza kwa hoja dhaifu. Familia ikiwa na akiba ya wakili mmoja, aajiriwe hapo. Hoja ambayo haikutajwa katika kesi wala katika rufaa hukutana na kizuizi kingine kigumu, hivyo wakili wa mwanzo na ahimizwe kuiweka kwenye kumbukumbu za mahakama hata kama siku hiyo majaji wote wanaikataa. Ama mwaka mmoja unaofunguliwa na haki mpya iliyotambuliwa na Mahakama ya Juu, kesi ya Dodd ya mwaka 2005 ilisema unahesabiwa tangu siku haki hiyo ilipotambuliwa kwa mara ya kwanza. Hausubiri barua ifike gerezani, wala mtu wa nyumbani aisikie habari hiyo.