Kwa nini unga hupanda bei?

MTANGAZAJI: Msikilizaji, pengine umefika kwenye mashine ya kusaga ukaambiwa bei imepanda, ukadhani mwenye mashine anakuonea. Leo tufuate njia ya mafuta.

Uganda haina bahari. Mafuta yake mengi hupitia Mombasa, kisha huingia kwa malori kupitia Busia na Malaba. Januari 2022 madereva waligoma mpakani, wakikataa kulipia vipimo vya Korona. Foleni ikawa ndefu, na kwingine lita moja ya petroli ikafika shilingi 10,000. Mwezi uliofuata Urusi ikaivamia Ukraine, mafuta yakapanda dunia nzima.

Mashine nyingi za kusaga hutumia dizeli, na lori la mahindi vilevile. Tena, mvua ikikosekana Kenya, wafanyabiashara wake huja kununua mahindi ya Uganda, na huku yakaadimika.

Kwa hiyo, ukisikia habari za mgomo mpakani au ukame, na una pesa kidogo ya chakula, anza na mahindi. Changeni na majirani mnunue gunia, mlihifadhi pakavu. Kilo moja moja hugharimu zaidi.

Tukutane kipindi kijacho.