TONE LA BAFUNI NALO NI MALI

Usiku watu waishapo kulala, katika nyumba nyingi za miji yetu husikika sauti moja: to, to, to. Ni bomba la bafuni linalovuja. Mwenye nyumba hulisikia, akageukia upande wa pili, akajiambia kuwa kesho atamwita fundi. Kesho hiyo huja ikapita, na mwezi ukaisha.

Wako watakaoliona jambo hili dogo mno kupewa nafasi katika ukurasa huu. Hebu na tupige hesabu. Bomba linalodondosha tone moja kila sekunde hudondosha matone 86,400 kwa siku. Matone 4,000 hivi hufanya lita moja. Basi kila kunapokucha ndoo nzima ya lita 20 imekwisha kumwagika, na kwa mwaka ni zaidi ya lita 7,000. Maji hayo yamepita katika mita. Mfanyakazi huyalipia kwa mshahara wake bila ya kuyanywa wala kuyaoga. Asiyesadiki na aweke ndoo chini ya bomba lake usiku, aitazame asubuhi.

Wala hasara hii si ya mwenye nyumba peke yake. Wakazi wa Dar es Salaam hawajasahau miezi ya mwisho ya mwaka 2022, Mto Ruvu ulipopungua kwa ukame na maji yakatolewa kwa mgao. Aliyepanga foleni na madumu siku zile anajua thamani ya ndoo moja.

Husemwa kuwa kazi ya bomba ni ya fundi. Sisi hatumdharau fundi hata kidogo. Lakini tuliwahi kumngoja fundi siku nne kwa ajili ya bomba moja, naye alipofika aliimaliza kazi kabla chai tuliyomwandalia haijapoa. Tuliona haya, tukamwomba atufundishe. Alitufundisha hivi.

Kwanza, funga koki kuu ya nyumba, kisha fungua bomba ili maji yaliyosalia yaishe. Ziba tundu la beseni kwa kitambaa, skrubu isije ikatumbukia. Ondoa kichwa cha bomba, legeza nati iliyo chini yake kwa spana, utoe shina lake. Mwishoni mwa shina utaona washa, nao ni kijiduara cha mpira. Kikiwa kimelika au kimekauka, kichukue dukani ili upewe kingine cha kipimo kile kile. Ukisharudisha kila kitu mahali pake, usilikaze bomba kwa nguvu kila ulifungapo, kwa maana hilo ndilo liuaalo washa. Mabomba mengi ya siku hizi yenye mkono mmoja hayana washa wa namna hii. Hayo hubadilishwa kipande chake kizima cha ndani.

Choo cha kuvuta nacho huiba maji kimya kimya. Tia rangi ya chakula katika tangi lake, usivute maji kwa nusu saa. Rangi ikionekana chini katika bakuli, mpira wa kuzibia tangi umechoka, wapasa kubadilishwa.

Na mwenye hodhi la kuogea asipuuze ufa kati ya hodhi na ukuta, kwa kuwa maji yapenyayo hapo huozesha ukuta na kumdondokea jirani wa ghorofa ya chini. Kwangua dawa ya zamani yote, pakaushe kabisa, kisha lijaze hodhi maji kabla ya kupaka silikoni mpya. Uzito wa maji huufungua ufa kadiri uwezavyo kufunguka. Uyaache maji humo mpaka silikoni ikauke, kwa kawaida siku nzima, ndipo uyatoe. Apakaye hodhi likiwa tupu huona silikoni yake ikichanika siku ya kwanza ya kuoga.

Hata hivyo, ushujaa una mpaka wake. Mita na bomba lililo kabla yake si mali yetu. Kuvuja kwake kuarifiwe mamlaka ya maji. Hita ya umeme isiguswe na asiye fundi, kwani maji na umeme havina msamaha. Na bomba lililopasuka ndani ya ukuta ni kazi ya fundi, naye alipwe haki yake bila ya kupunjwa.

Wahenga walituonya kwamba asiyeziba ufa hujenga ukuta. Leo jioni, kila mmoja wetu kabla ya kulala aingie bafuni mwake, anyamaze kidogo, asikilize. Akisikia tone, ajue kuwa ni mshahara wake unaodondoka, na ni maji ya mwenzake.