KUKWEPA, KUEPA NA KUHEPA: NENO "DODGE" KATIKA KINYWA CHA SHAHIDI

Neno la Kiingereza "dodge" huonekana jepesi hadi mtu aombwe kulitafsiri. Bondia huinamisha kichwa, ngumi ikapita hewani: hiyo ndiyo maana yake ya msingi, na Kiswahili kina kitenzi chake, kukwepa. Hapo hapana mgogoro.

Neno hilo hutumika pia kwa kodi na kwa maswali ya wanahabari. Kukwepa kumelifuata hadi huko, ila mfasiri awe macho. Kuepuka kodi kwa kutumia misamaha iliyomo katika sheria si kosa. Kukwepa kodi ni kosa. Anayeandika kuepuka mahali pa kukwepa amemwachilia mshtakiwa kabla ya hakimu.

Sasa tuje Kiganjo, karibu na mji wa Nyeri, kwenye chuo cha polisi ambako makurutu kutoka pembe zote za Kenya huunganishwa na Kiswahili. Neno ambalo maafisa hawa watalisikia mitaani, iwe Karatina au Nanyuki, mara nyingi si kukwepa bali kuhepa. Mwanafunzi amehepa shule, utingo amehepa askari wa trafiki, mdaiwa amehepa. Wapo wanaolibeza kuwa ni Sheng tupu. Sikubaliani nao. Kuepa ni Kiswahili sanifu, nalo ndilo lililozaa kuepuka, kuepusha na kuepukana. Kuhepa kumeongezewa h tu. (Kikuyu nacho kina ehera, yaani ondoka njiani, ambamo h imekaa mahali pa p yetu, kama katika handu na pahali. Sidai kwamba h ya kuhepa imetoka huko. Nasema tu kwamba maneno haya yanafanana kama jamaa.)

Hata hivyo, maana imepanuka. Kuepa ni kujitenga na kinachokujia. Kuhepa kumebeba maana hiyo pamoja na ya kuondoka kwa siri au bila ruhusa, karibu sawa na kutoroka. Tuseme shahidi anaeleza kituoni: "Gari lilipogonga ukuta, yule kijana alihepa." Je, kijana aliruka kando akaokoa maisha yake, au alikimbia kukwepa mkono wa sheria? Afisa anayeandika maelezo kwa Kiingereza lazima achague neno moja, na akichagua la kukimbia, shaka imekwisha kumwangukia kijana.

Katiba ya 2010, katika ibara ya 7, iliifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na ibara ya 50 inampa mshtakiwa asiyeelewa lugha ya kesi haki ya mkalimani bila malipo. Lakini mkalimani huyo hufika wakati wa kesi. Maelezo yaliandikwa kituoni kabla yake, na kosa la tafsiri likaandikwa pamoja nayo.

Sarufi inaweza kusaidia. Tutazame yambwa. Ikiwa ni kitu kinachomjia mtu, kama jiwe au gari, basi alikwepa. Ikiwa ni mahali au mamlaka, kama nyumbani, shule au askari, basi alitoroka au alijificha. Pasipo yambwa, kama katika mfano wetu, afisa asikisie. Amuulize shahidi kwa Kiswahili kile kile: alihepa nini?