Kufika C1 bila kupitia Kiingereza

"Weil der Dünger teurer geworden ist, haben viele Bauern weniger Mais angebaut." Sentensi hiyo niliikuta kwenye daftari la daktari mmoja wa hapa Sumbawanga ninayemsaidia kujiandaa kwa mtihani wa Kijerumani wa ngazi ya C1. Inasema kwamba kwa sababu mbolea imepanda bei, wakulima wengi wamelima mahindi machache. Haina kosa hata moja. Kitenzi kimekaa mwisho mahali pake, koma ipo inapotakiwa. Nikaizungushia wino mwekundu.

"Mwalimu, nimekosea wapi?"

"Hujakosea, Daktari. Ila hiyo ni sentensi ya B2."

Nilimwomba aandike habari hiyohiyo kwa Kiswahili, kama ambavyo angeisoma gazetini. Hakufikiri hata sekunde tano: "Kutokana na kupanda kwa bei ya mbolea, wakulima wengi wamepunguza kilimo cha mahindi." Kisha tukaihamisha ilivyo, kipande kwa kipande: "Aufgrund der gestiegenen Düngerpreise haben viele Bauern den Maisanbau eingeschränkt." *Kutokana na* imekuwa *aufgrund*. *Kilimo cha mahindi*, maneno matatu, yamegandana kuwa *Maisanbau*. Kishazi kizima cha "kwa sababu" kimeyeyuka na kuwa jina, na hapo ndipo C1 inapoanzia.

Kabla ya hapo alikuwa akiitunga kila sentensi kwa Kiingereza kichwani, akitoka huko ndipo aende Kijerumani. Karibu kila mwanafunzi anayenijia anafanya hivyo, kwa kuwa vitabu vingi vya sarufi alivyopata vimeandikwa kwa Kiingereza na sekondari alisoma kwa Kiingereza. Kwa ngazi za chini hakuna hasara kubwa. Kwa C1 ni kuzunguka mlima ambao una njia ya kukatisha katikati. Kiswahili cha magazeti, cha hotuba za bungeni na cha barua za serikali kina tabia ileile ya Kijerumani rasmi: kinapenda kugeuza tendo kuwa jina. *Kuongezeka kwa*, *kukosekana kwa*, *utekelezaji wa*, *uboreshaji wa*. Tunakilalamikia Kiswahili hicho kuwa kizito, na mimi ni mmoja wa walalamikaji, lakini kwa mtu anayeikabili C1 ni akiba aliyokaa nayo bila kujua.

Niseme kidogo mtihani wenyewe ukoje. Ngazi za lugha za Ulaya ni sita, kuanzia A1 hadi C2, na C1 ni ya tano. Wauguzi wanaokwenda kufanya kazi Ujerumani kwa kawaida hudaiwa B2. Daktari ana kigingi cha ziada, yaani mtihani wa lugha ya kitabibu unaopimwa kwa kiwango cha C1, ndiyo maana mwanafunzi wangu anataka kuimarika kwanza kwenye C1 ya kawaida. Mtihani wa Taasisi ya Goethe wa ngazi hiyo, kwa mpangilio ulioanza 2024, una sehemu nne: kusoma dakika 65, kusikiliza takriban dakika 40, kuandika dakika 75, na kuzungumza takriban dakika 20 pamoja na mtahiniwa mwenzako. Kila sehemu ina alama 100, na kufaulu ni kuanzia 60. Jambo wengi wasilolijua ni kwamba sehemu hizo zinaweza kufanywa mojamoja. Ukianguka kwenye kuandika hurudii kusoma. Kwa mtu wa huku kwetu Ufipa, ambaye kila safari ya kwenda kwenye mtihani Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita elfu moja za barabara kupitia Tunduma, hilo ni la kulipigia hesabu mapema. Kabla ya kukata tiketi ya basi, uliza tarehe za C1 yenyewe na si za mitihani kwa jumla, na ufike siku mbili kabla. Kichwa kilichotikiswa usiku kucha hakisikilizi Kijerumani.

Turudi kwenye lugha. Wanafunzi huogopa *der*, *die*, *das* kuliko kitu chochote, na mimi huwashangaa. Mtu aliyekua akisema "kiti kimevunjika" na "meza imevunjika" bila kufundishwa na yeyote anaogopaje lugha yenye ngeli tatu tu? Ugumu ni kwamba jina la Kijerumani mara nyingi halikuonyeshi ngeli yake usoni. *Tisch*, *Stuhl*, *Lampe*: lazima ukariri. Lakini hiyo ni taabu ya A1. Kadiri unavyopanda, majina yanakuwa ya kitaaluma na mikia inaanza kujieleza yenyewe. Linaloishia na *-ung*, *-heit*, *-keit* au *-schaft* ni *die*. La *-ismus* ni *der*. La *-chen* ni *das*, hata kama ni *Mädchen*, yaani msichana. Hapo sisi tuna huruma zaidi: "kijana" ana ki- mbele, lakini husemi kijana kimekuja.

Eneo ninalokaa nalo muda mrefu zaidi ni la maneno ya watu wengine. Kijerumani kina umbo maalumu la kitenzi la kuripoti alichosema mtu bila kukidhamini. "Der Minister sagte, die Straße sei fertig." Waziri alisema barabara imekamilika, na mwandishi kwa kutumia *sei* badala ya *ist* amenawa mikono: ni kauli ya waziri, si yake. Sisi kitenzi hakibadiliki, ila tuna maneno ya kazi hiyo. *Eti* ni kali mno, inabeba kejeli, na *sei* haina kejeli. *Inaelezwa kuwa* ndiyo inayokaribia. Halafu kuna mtego wa *sollen* na *wollen*, ambavyo kila mtu alijifunza A1 kuwa ni "kupaswa" na "kutaka". "Die Straße soll fertig sein" kwenye gazeti haimaanishi barabara inapaswa kukamilika, bali inasemekana imekamilika. "Der Fahrer will nichts gesehen haben": dereva anadai hakuona kitu. Daktari alitafsiri sentensi hiyo ya pili kuwa dereva anataka asione kitu. Tulicheka sana, lakini katika sehemu ya kusoma kosa la namna hiyo linageuza jibu zima.

Na saa! Mjerumani akisema *halb acht* anamaanisha 7:30, nusu ya kuelekea nane, ambayo kwetu ni saa moja na nusu. Msikilizaji wa Kiswahili anafanya hesabu mbili kwa pumzi moja. Dawa yake ni kuacha kutafsiri: weka simu yako kwa Kijerumani kwa miezi mitatu, uone saa kama wanavyoiona wao.

Sasa, nini ujisomee mwenyewe na nini umlipie mwalimu? Msimamo wangu hauwafurahishi walimu wenzangu. Usimlipe mtu akueleze sarufi unayoweza kuisoma kitabuni. Usimlipe akusikilizishe kanda. Kusoma na kusikiliza vinawezekana chumbani kwako hapa mjini, Izia au Chanji, ukiwa na bando la kutosha. Deutsche Welle, ambayo imekuwa ikitangaza kwa Kiswahili tangu 1963, ina pia taarifa ya habari ya Kijerumani inayosomwa polepole pamoja na maandishi yake. Mpango ninaowapa wanafunzi ni huu: asubuhi sikiliza habari za dunia kwa Kiswahili, jioni sikiliza tukio hilohilo kwa Kijerumani. Tayari unajua nani kafanya nini, hivyo sikio linabaki huru kushika jinsi lilivyosemwa. Baada ya wiki mbili acha ile ya polepole, maana mtihani hausomwi polepole. Karatasi za mfano za Goethe zinapatikana bure mtandaoni pamoja na sauti. Pakua mara moja penye mtandao mzuri, kisha zifanye kwa saa ya ukutani, si kwa kubahatisha.

Mwalimu mlipie kwa kuandika na kuzungumza. Hakuna anayeyaona makosa yake mwenyewe yaliyozoeleka. Na anayekusahihisha asikuandikie jibu. Akuwekee alama pembeni, uhangaike, ndipo akuonyeshe. Daktari hunitumia insha kwa picha ya simu usiku baada ya zamu, nami humrudishia kwa sauti ya WhatsApp ili asikie pia matamshi. Insha moja kwa wiki inayoandikwa upya mara mbili ina faida kuliko tano zinazosahihishwa na kusahauliwa.

Kuna watu huniuliza Kijerumani kinahusu nini huku nyanda za juu zenye baridi. Huwajibu kwamba Kasanga, kule chini ziwani, Wajerumani waliiita Bismarckburg, na meli ya Liemba iliyokuwa ikitia nanga pale ilijengwa Papenburg kwa jina la Graf von Götzen. Shule tunayowapeleka watoto na hela tunayolipia ada ni maneno yao, *Schule* na *Heller*. Majalada ya utawala wao yamo hadi leo kwenye Nyaraka za Taifa jijini Dar es Salaam, na mwanahistoria wa Ufipa asiyesoma Kijerumani anategemea macho ya wengine. Ingawa C1 peke yake haimtoshi: mwandiko wa mkono wa makarani wale ni mtihani mwingine kabisa.

Wiki iliyopita tulifanya zoezi la kuzungumza. Mtahiniwa hutoa mada fupi, kisha hujadiliana na mwenzake. Nilimpa Daktari kilimo cha asili. Akaanza vizuri, akafika kwenye matuta ya Kifipa, yale ya duara ambayo nyasi hufukiwa chini ya udongo zioze ziwe mbolea, na hapo akakwama. Hakujua "tuta" kwa Kijerumani. Aliniangalia. Sikumsaidia. Akavuta pumzi, akasema: "Das sind runde Erdhügel, in denen das Gras langsam verrottet und den Boden nährt." Vilima vya udongo vya mviringo ambamo nyasi huoza polepole na kuilisha ardhi. Kisha akaendelea na maharage, kana kwamba hakuwahi kusimama.