Programu Inapokuuliza Uzoefu Wako

Programu nyingi za uwekezaji humuuliza mteja mpya swali hili: una uzoefu wa miaka mingapi? Ni rahisi kuliona kama pengo la kujaza tu kwenye fomu, mpaka usome uamuzi wa Juni 2021 wa FINRA, chombo kinachosimamia madalali wa hisa Marekani, dhidi ya Robinhood, kampuni yenye programu ya uwekezaji. Kampuni hiyo ilitozwa faini ya dola milioni 57 na kuagizwa iwalipe wateja fidia ya takriban dola milioni 12.6. Miongoni mwa makosa yaliyoorodheshwa, moja halinitoki akilini: mitambo yake iliwaruhusu kufanya biashara ya opsheni, yaani mikataba inayotoa haki ya kununua au kuuza hisa kwa bei iliyopangwa hadi siku fulani, wateja wenye umri chini ya miaka 21 waliojaza kwamba wana uzoefu wa zaidi ya miaka mitatu. Piga hesabu. Kijana wa miaka 20 mwenye uzoefu huo alianza biashara hiyo nzito kabla hajatimiza 18, umri wa kufungua akaunti. Jibu halikuingia akilini, na bado mlango ulifunguliwa. Robinhood haikukiri wala kukana makosa hayo.

Waanzilishi wake, Vlad Tenev na Baiju Bhatt, wana hoja ambayo siwezi kuipuuza. Tangu 2013 wamesisitiza kwamba soko la hisa lilikuwa la wenye nazo, na kwamba mtu wa kipato kidogo naye ana haki ya kuingia bila kukamuliwa ada. Ni kweli: Oktoba 2019 madalali wakubwa wa Marekani walifuta ada zao wakilazimishwa na ushindani wa kampuni hiyo isiyotoza ada. Atakayesema mtu mzima ajiamulie naye ana haki yake. Lakini kuamua kunahitaji kujua kiasi unachoweza kupoteza. Anayenunua hisa za shilingi 5,000 kwa fedha zake hawezi kupoteza zaidi ya hizo 5,000. Anayeuza opsheni bila kinga, au anayetumia mtaji wa kukopa, hana uhakika huo. Mwaka 2018 msimamizi wa masoko wa Ulaya, ESMA, alieleza kuwa asilimia 74 hadi 89 ya akaunti za wateja wa kawaida katika mikataba ya CFD, yaani dau juu ya mabadiliko ya bei, mara nyingi kwa mtaji wa kukopa, hupata hasara.

Kwetu milango nayo imepanuka. Soko la hisa la Nairobi liliruhusu kununua hata hisa moja mwaka 2025, na Ziidi, mfuko wa soko la fedha wa Safaricom, hupokea kuanzia shilingi 100. Simu hiyohiyo hubeba programu za fedha za kigeni zenye mtaji wa kukopa. Nani hukagua majibu yetu huko? Na kwa nini muuzaji ndiye apime ujuzi wa mnunuzi?

Kama unaanza, chagua programu yenye leseni ya mamlaka ya masoko ya mitaji, anzia mfuko wa soko la fedha au hisa za kawaida, na usiguse mtaji wa kukopa. Ukiulizwa miaka ya uzoefu, andika sufuri. Programu ikikufungulia kila kitu baada ya jibu hilo, ifute.