Simu Yasema Saa Tatu, Kompyuta Saa Kumi na Mbili

Mpango wa serikali wa Ajira Digital, ulioanza 2016, uliwahimiza vijana wa Kenya kutafuta kazi za mtandaoni. Mojawapo ya kazi hizo ni kumpangia ratiba mkubwa aliyeko London au New York, na inafanyika vizuri kabisa ukiwa kwenye ghorofa za Nyayo Highrise, Nairobi, mradi kalenda ya simu na ya kompyuta zinasema jambo moja. Zikitofautiana kwa saa moja, mteja anaondoka. Asiye na mteja ng'ambo naye ana siku ya kliniki katika hospitali ya Mbagathi, tarehe ya kesi katika mahakama ya Kibera au mkutano wa chama Jumapili.

Malalamiko huwa ni yale yale: nimeandika kwenye simu, kwenye kompyuta hakuna kitu. Wengi huzima simu na kuiwasha, na isiposaidia hufuta data ya programu ili waanze upya. Kuzima na kuwasha hakudhuru. Kufuta data ningekukataza mpaka ujue jambo hili: tukio lako liliandikwa kwenye akaunti gani?

Programu ya kalenda ni dirisha tu. Tukio lenyewe hukaa kwenye akaunti, na akaunti kwa kawaida hukaa kwenye seva ya Google, Apple au Microsoft. Simu na kompyuta hubeba nakala. Dirisha moja laweza kukuonyesha akaunti tatu kwa wakati mmoja, ya Gmail, ya kazini na ya simu yenyewe, na wewe usizitambue ila kwa rangi. Hiyo ya simu ndiyo mtego. Haina seva, kwa hiyo linaloandikwa humo halitoki humo, na simu ikiibwa au data ikifutwa limekwenda. Baadhi ya simu huiweka kuwa chaguomsingi bila kumuuliza mwenyewe.

Kipimo ni rahisi. Fungua kalenda ya akaunti yako kwenye kivinjari, hata kwa kompyuta ya saiba, bila kutumia programu yoyote. Tukio likionekana humo lakini simuni halipo, simu ndiyo yenye kasoro. Likiwa simuni lakini kwenye kivinjari halipo, ama limeandikwa kwenye akaunti ya simu, ama halijapanda bado kwenye seva. Lifungue ulihariri, utazame jina la akaunti, na kama ni ya simu liandike upya kwenye Gmail. Kisha badilisha chaguomsingi ili usirudie kazi hiyo kila wiki.

Simu ikiwa ndiyo yenye kasoro, au tukio halijapanda, anza na bando. Anayewasha data dakika chache na kuizima ili bando lifike jioni hawezi kutarajia kalenda isawazishwe saa zote. Mipangilio ya kuokoa betri na kuokoa data nayo huzuia programu kufanya kazi chinichini, na simu za bei nafuu huwa kali zaidi katika hilo. Iruhusu kalenda peke yake, zilizobaki ziendelee kubanwa. Ndani ya akaunti, hakikisha swichi ya kusawazisha kalenda imewashwa, kwa sababu barua pepe zaweza kuingia vizuri huku kalenda imezimwa. Kama ulibadilisha nywila hivi karibuni, simu inangoja uingie upya. Na simu ambayo tarehe yake imerudi nyuma baada ya betri kuisha hushindwa kuzungumza na seva, kwa kuwa vyeti vya usalama hukaguliwa kwa tarehe.

Sasa tuje kwenye saa, ambako tofauti yenyewe hukutajia ugonjwa. Saa tatu kamili za kuzidi au kupungua ni kosa la majira ya saa: kifaa kimoja kinasoma saa ya dunia, UTC, na sisi tuko mbele yake kwa saa tatu. Chagua Nairobi kwenye mipangilio ya kifaa na ya akaunti pia. Katika orodha ya majira inayotumiwa na kompyuta nyingi duniani, Dar es Salaam, Kampala na Mogadishu zote hufuata jina la Nairobi, kwa hiyo aliye Tanzania asishangae kuliona.

Tofauti ya saa sita si kosa la mashine hata kidogo. Mtu alisema saa nne asubuhi, mwingine akaandika 4:00. Andika 10:00, yaishe.

Tofauti ya saa moja hutoka ng'ambo. Sisi hatubadilishi saa, wao hubadilisha. Mwaka 2025 Marekani ilisogeza saa mbele tarehe 9 Machi na Uingereza tarehe 30 Machi, kwa hiyo kwa wiki tatu hivi mkutano wa watu wa New York, London na Nairobi ulikuwa na hesabu yake ya peke yake. Mkutano ukiundwa kwa majira ya London, kwako utahama, na kalenda iko sahihi. Kabla ya kulaumu simu, tazama nani aliuunda.

Matukio yanayojirudia mara mbili mara nyingi ni akaunti moja iliyoongezwa kwa njia mbili. Ondoa tiki kwenye kalenda mojawapo. Usifute moja moja, maana ufutaji nao husawazishwa na utayapoteza kila mahali. Ukiwa umeshafuta, Kalenda ya Google ina pipa linalohifadhi vilivyofutwa kwa takriban siku 30.

Kalenda uliyojiunga nayo kwa kiungo, kama ile ya sikukuu, ni ya kusoma tu na yaweza kuchukua saa nyingi kujisasisha. Ndiyo maana sikukuu inayotangazwa ghafla haitaonekana humo kwa wakati. Iandike mwenyewe.

Ikibidi kumpelekea fundi, piga picha ya skrini ya tukio kwenye vifaa vyote viwili, jina la akaunti likionekana, na umkataze kufuta data hadi uhakikishe matukio yako yote yapo kwenye kivinjari.