Vyombo vya Kuanza Ufundi wa Redio

Ndugu mfanyakazi, ukitaka kujifunza kutengeneza redio baada ya zamu, usinunue sanduku zima la vyombo. Mshahara wetu tunaujua. Bisibisi mbili, koleo ndogo na kisu vinatosha, hata vilivyokwisha kutumika vya pale Katwe.

Fedha yako iweke kwenye mita ya kupimia umeme. Umeme wa nyumbani ni volti 240, nao unaua. Mita isiyoandikwa kwamba inapima kupita hapo iache, hata muuzaji akiisifu namna gani.

Chuma cha kulehemu kiwe cha wati 25 hadi 40. Cha wati 100 ni cha mabati, kitaunguza transista. Solda huweza kuwa na risasi, ambayo ni sumu: nawa mikono kabla ya kushika chakula. Anza na redio ya betri, isiyochomekwa ukutani.